Mwanamke wa Mgongoni mwa Kaisari

Lugdunum, siku tano kabla ya mwezi Oktoba kuingia

Threptus kwa dada yake Hilara, salamu.

Kama wewe na mama hamjambo, nashukuru. Mimi mwili haujambo, roho ndiyo imechafuka, na nitakuchafulia na wewe maana sina mwingine wa kumwambia.

Jana imefika hapa kiwanda cha sarafu, kutoka huko kwenu Roma, picha ya nta ya sarafu mpya ya dhahabu. Upande wa uso ni Kaisari mpya na taji lake la majani. Hapo sina neno. Huyu ni Kaisari wa tatu kumchonga, na wote nimewapa pua nzuri kuliko walizozaliwa nazo. Ubaya uko mgongoni. Mgongoni kuna gogo lililovishwa deraya, ngao na kofia ya chuma, silaha za watu walioshindwa. Chini ya gogo amekaa mwanamke, kichwa ameinamisha, ameshika tama, analia. Na pembeni maandishi: Dalmatia Imetekwa.

Dalmatia, dada! Kwao mama! Vita vyao vipya vimekwisha juzi, watu hata hawajamaliza kuzika, na mimi nimepewa kazi ya kuwachekea kwa dhahabu.

Wewe unakumbuka kama ninavyokumbuka mimi. Mara ngapi ametusimulia tukiwa wadogo, anasokota sufi huku sisi tumekaa miguuni pake? Jinsi walivyopandishwa kwenye mkokoteni siku ya maandamano ya ushindi, yeye na wasichana wenzake, wakaambiwa wakae chini ya gogo la silaha walie, ili watu wa Roma wapate kufurahi. Wenzake wakakaa. Yeye akagoma. Akasimama kutoka langoni hadi hekalu la Jupita, kichwa juu, wanamtupia vitunguu vilivyooza, mpaka jiwe likampasua nyusi, na bado hakukaa. Mimi nimekua kwa maneno hayo. Nilipoletwa huku nikiwa na miaka kumi na miwili, nalia usiku kucha kama ndama, ni huyo mwanamke aliyesimama ndiye aliyeninyamazisha.

Sasa nimkalishe kwa mkono wangu mwenyewe?

Ofilius, nyapara wetu, ananipaka mafuta. Anasema, "Maliza kabla ya Desemba, Threptus, na Januari nakuvisha kofia ya uhuru mbele ya watu." Mimi niliyemchonga Bibi Uhuru na kofia yake mkononi mara nyingi mpaka naweza kumchonga nimefumba macho, yangu mwenyewe sijawahi kuivaa. Nimemwambia nitafikiri. Amecheka mpaka akapaliwa. "Mtumwa anafikiri! Haya, fikiri, lakini fikiri huku unachonga."

Sitachonga. Wakitaka kunipeleka machimboni, wanipeleke.

Mdogo wako,
Threptus


Roma, siku mbili kabla ya katikati ya Oktoba

Hilara kwa mdogo wake Threptus.

Sisi wazima. Wewe sidhani, maana mtu mzima haandiki upuuzi kama ule na kumkabidhi mwendesha nyumbu asafiri nao siku kumi na tano. Ungeanguka mikononi mwa mtu je? Barua yako nimeichoma kwenye jiko la mama, na dengu zikaiva kwa upumbavu wako.

Nisikilize, baba. Machimboni! Unalitamka kama mtu anayekwenda kuoga. Umewahi kumwona mtu aliyetoka machimboni? Hujamwona, kwa sababu hawatoki.

Mimi kofia nimeivaa miaka minne iliyopita, na nitakwambia uhuru ni nini. Bado kila asubuhi nakwenda kumsuka Bibi Volcacia, bado ananichoma mkono kwa pini akiona msuko umelegea. Lakini jioni narudi kwangu, napanda ngazi zangu za ghorofa tano, nafunga mlango wangu. Basi. Ni mlango tu, lakini ni wangu. Mama naye walimwacha huru vidole vyake vilipogoma kusokota. Huo ndio uhuru wao, wa kumpunguza mlaji mezani. Hata huo tuliupokea kwa mikono miwili.

Na wewe unataka kuutupa kwa ajili ya picha! Mwanamke mdogo kama punje ya dengu, mgongoni mwa sarafu ambayo maskini hataiona na tajiri hataitazama. Umewahi kumwona tajiri akimtazama mateka? Anatazama kama dhahabu ni dhahabu, anaing'ata, anaitia mfukoni. Wale mabibi wenu wote, sijui Amani anachoma silaha, sijui Ushindi ana mabawa, sijui mikono miwili inashikana, ni mapambo. Mchonge akae. Mchonge alie. Mama hatajua, macho yake hayaoni tena vitu vidogo na mimi sitamwambia.

Anakohoa asubuhi, mchana anapata nafuu. Kila anayepanda ngazi anamwambia, "Mwanangu mwaka mpya atakuwa huru." Amemwambia mpaka muuza liki na vitunguu. Ukitaka kumuua, gomea kazi yako.

Usinijibu kwa maneno mengi. Nijibu kwamba umechonga.

Dada yako,
Hilara


Lugdunum, siku tisa kabla ya mwezi Desemba kuingia

Threptus kwa Hilara, salamu.

Nimechonga.

Amekaa, kama ulivyotaka. Gogo liko juu yake, maandishi hayana kasoro. Ofilius ameukagua muhuri wa chuma wa kupigia sarafu na ameupitisha, na wagonga nyundo wameshaanza. Makelele yao yanaingia mpaka kwenye uji. Kofia ni ileile Januari.

Huku baridi imeanza na tunakula njugu za kuchoma. Mpe mama pole ya kikohozi, ajipake mafuta ya zeituni kifuani. Usiwe na wasiwasi na mimi, nimetulia.

Threptus


Roma, siku ya sita ya mwaka mpya

Hilara kwa Threptus, mwana wa mama yetu Aplo, mwongo.

"Amekaa, kama ulivyotaka." Loo! Na mimi mjinga nikakuombea kwa miungu yote, nikamwekea Jupita keki ya asali!

Siku ya mwaka mpya Kaisari amegawa zawadi kwa wakubwa, na mume wa Bibi Volcacia, kwa kuwa ndiye anayekagua dhahabu inayoingia hazina, amepata sarafu zako mpya. Bibi akachukua moja, anataka itiwe kwenye mkufu. Nilikuwa nyuma yake natia pini. Akaigeuza mgongo, akaisogeza, akaisogeza tena. Akaniambia, "Hilara, huyu mwanamke ananitazama."

Nikacheka. Nikasema, "Bibi, watu wa kwenye sarafu hawatazami mtu, wote wanatazama pembeni, hata Kaisari." Akasema, "Ndicho ninachokwambia. Kaisari anatazama pembeni. Huyu ananitazama mimi." Akanipa.

Threptus, kidogo pini zote zianguke. Amekaa, ndiyo. Lakini hajainama, hakushika tama. Mikono iko magotini na uso ameugeuza wote mbele, macho mawili kamili, yanamkodolea anayemshika. Na nyusi ya kushoto umeipasua! Hukutosheka kumchonga mwanamke yeyote, umemchonga mwenyewe, na kovu lake. Una wazimu wa namna gani?

Subiri, sijamaliza. Bibi akaniambia niipeleke kwa sonara wa Njia Takatifu, nikapitia nyumbani kwanza. Nikaiweka mezani nikamenya liki. Nilipogeuka mama ameshaishika. Ameipeleka dirishani, ameiweka puani kabisa, anaipapasa kwa kidole gumba. Akasema, "Huyu ananitazama nini?" Kisha kidole kikaenda kwenye nyusi yake mwenyewe.

Nikadhani atalia, au atacheka, au atajisifu kwa muuza liki. Unajua alisema nini? Alisema, "Nani amemwambia Threptus kwamba nilikaa?"

Nikamwuliza, "Mama, si ulisimama?"

Akasema, "Nilikaa. Wote tulikaa. Nilikuwa na miaka kumi na saba, miguu imevimba kwa minyororo. Nililia toka langoni mpaka hekaluni, na nilijikojolea. Jiwe ni la kweli, nilirushiwa nikiwa nimekaa. Hiyo ya kusimama niliitunga ninyi mlipozaliwa. Ningewasimulia nini, watoto wa kuzaliwa utumwani? Niwaambie mama yenu alijikojolea?"

Basi ndiyo hiyo. Umejipalia makaa kwa ajili ya hadithi ya kulazia watoto. Sikukasirikii tena, nakuonea huruma, na yeye namwonea huruma, na mwenyewe sijui nijionee nini. Wakikuuliza, sema chuma kiliteleza. Sema macho yalikuwa yanakuuma. Sema lolote, mradi Januari isipite hujavaa kofia. Sarafu nimeshaipeleka kwa sonara, hiyo usiulize zaidi.

Hilara


Lugdunum, siku nne kabla ya katikati ya Februari

Threptus kwa Hilara.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena.

Kwa hiyo alikaa.

Nitakwambia jinsi nilivyofanya, maana sasa hakuna cha kuficha. Sisi tunachonga kinyume, kulia kuwa kushoto, na tunachimba shimo palipotakiwa kuwa na mwinuko. Kwa hiyo ukimchonga mtu unaingia ndani ya uso wake. Nilianza kumwinamisha, naapa nilianza. Nikafika shingoni, mkono ukakataa. Nikasema, sawa, kumsimamisha siwezi, picha ya nta inaonyesha amekaa na hata Ofilius ataliona hilo. Lakini uso ni wangu. Na nilijua jambo moja ambalo kila mchongaji hapa analijua: Ofilius hakagui mgongo. Anakagua pua ya Kaisari, anakagua herufi za jina la Kaisari, anapitisha. Watu wamechapwa hapa kwa sababu ya pua. Kwa sababu ya mateka hajachapwa mtu. Nikampa macho, nikacheka peke yangu kama mwehu, nikajiona nimewaweza.

Na kumbe nilikuwa nalinda uongo. Mwanamke aliyenilaza usingizi miaka yote hakuwapo! Nina hasira na mama, dada. Naandika hivyo na naona haya, lakini ndivyo ilivyo. Angeniambia tu. Nisingempenda pungufu, na nisingekuwa hapa nilipo.

Maana mambo yameharibika. Huko Roma kuna mtu aliketi karamuni, akaiona sarafu shingoni mwa bibi fulani, akauliza kwa nini mateka anamkodolea macho. Sijui kama ni Bibi wako au mwingine mwenye kuvaa sarafu mgongo nje, Kaisari ndani, lakini amenimaliza. Mkaguzi yuko njiani, anafika mwezi ujao. Habari zimefika Januari haijaisha, kabla sijavishwa, na kofia imesimamishwa mpaka aje.

Ofilius hakunipiga. Anaogopa kuliko mimi, maana aliyepitisha ni yeye. Ameniambia, "Chonga muhuri mwingine, aliyeinama, upesi. Mkaguzi akija, unasema ule wa kwanza ulikuwa kosa la mkono, na wa pili ndio sahihi. Nitakutetea. Mkaguzi atacheka, atakula, ataondoka, na wewe utavaa kofia siku hiyohiyo."

Nimeshauchonga. Umenichukua siku mbili tu. Kumwinamisha mtu ni kazi nyepesi sana, hakuna uso wa kuhangaika nao, ni nywele na mgongo. Nimeshajaribu na kofia. Inanibana masikioni kidogo, lakini italegea.

Nimechoka. Nataka mlango kama wako. Mwambie mama asihangaike, mwanawe ameshapata akili.

Threptus


Roma, siku ya pili ya Machi

Hilara kwa Threptus, ndugu yangu.

Bibi mwenye kuvaa Kaisari ndani ni Volcacia, na aliyemvalisha hivyo ni mimi.

Ngoja kunitukana. Nilipofika kwa sonara siku ile, ametayarisha fremu, akaniuliza, kama wanavyouliza wote, "Kaisari nje?" Swali la desturi tu, mkono wake ulishaanza kuigeuza. Nami nilikuwa nimetoka kumwacha mama dirishani amejifunika shuka kichwani kwa aibu, mwanamke mzima wa miaka hamsini na kitu, anaona aibu kwa sababu alilia akiwa msichana wa minyororo! Maneno yakanitoka. Nikasema, "Mwanamke nje. Bibi ndivyo anavyotaka."

Nimekuwa nikikwambia uiname. Mwenyewe nimeinama miaka ishirini, najua visogo vya Roma nzima kuliko nyuso zake. Siku ile moja tu nilichoka. Sikufikiri wewe, sikufikiri mkaguzi, na nilipofikiri ilikuwa imeshafungwa kwa dhahabu. Nikaona haya kukuandikia. Kwa hiyo ukiharibikiwa, aliyekuponza ni mimi, si mama.

Bibi hakugundua. Mgongo au uso, yeye alitaka ing'ae. Aliivaa karamu tatu. Ya tatu ndiyo ile mgeni alipouliza, na wote mezani wakainama kumtazama shingoni, na kumbe mezani kote hakuna aliyependa kutazamwa. Aliporudi alinipiga kwa kioo cha shaba, hapa juu ya sikio. Asubuhi nikaambiwa nisirudi. Sasa nasuka vichwa vya wauza mboga chini ya ngazi. Wanalipa kwa vitunguu na wanasema asante, jambo ambalo lilinishtua siku ya kwanza.

Mama nimemsomea barua yako yote, na pale unaposema una hasira naye. Alitaka kusikia hapo mara mbili. Kisha akaniambia niandike, na ninaandika alivyosema:

"Threptus mwanangu. Una haki ya kukasirika. Sikusimama. Usinichonge shujaa, sikuwa shujaa, nilikuwa na njaa na kaka yangu walikuwa wamemuua juzi yake. Chukua kofia. Mwambie huyo mkaguzi chuma kiliteleza, mwinamishe huyo mwanamke hata mpaka pua iguse ardhi, mimi nimeshainama sana, mara moja zaidi hainiumizi. Ila nikwambie kitu kimoja halafu ninyamaze. Tangu siku ya mkokoteni sijamtazama mtu usoni isipokuwa ninyi wawili. Ni kweli, muulize dada yako. Juzi yule wa dhahabu amenitazama, na mimi nikamtazama, na hakuna aliyeangalia chini kwanza. Nimefurahi. Basi."

Kisha akaenda kuongeza maji kwenye dengu.

Mimi sina ushauri wa kukupa. Ushauri wangu wote ulikuwa woga uliovaa nguo ya busara. Chukua kofia, mdogo wangu, hakuna atakayekulaumu kwenye ghorofa hii. Fanya utakavyofanya, ila niandikie, usiniache na roho juu.

Hilara


Lugdunum, siku sita kabla ya mwezi Juni kuingia

Threptus kwa dada yake Hilara, na kwa mama. Msomee polepole.

Naandika kwa mkono wa kushoto na vidole vya kulia vikinisaidia, kwa hiyo herufi zikipinda usishangae. Niko hai. Hilo lisemwe kwanza.

Mkaguzi alifika na askari sita na mkate wake mwenyewe, haamini wa kwetu. Si mtu wa makelele. Alituita wote ukumbini: wachongaji, wagonga nyundo, wachoma mkaa, wote. Akaketi kwenye kiti cha Ofilius, mbele yake juu ya meza mihuri miwili, ule wa kwanza na ule wa pili, na kando ya kila mmoja sarafu yake. Ofilius alisimama nyuma yake na ile kofia ameikunja kwapani, nikaiona ncha ya sufi nyeupe imechomoza.

Mkaguzi akaishika ya pili, aliyeinama. Akasema, "Hii ni sawa." Akaishika ya kwanza. Aliitazama kwa muda, nikaona anaikwepa kidogo, anaisogeza pembeni, kama alivyofanya Bibi yako. Akauliza, "Na huyu ni nani?"

Swali jepesi, dada. Ofilius alikuwa ameshanifundisha jibu tangu asubuhi: si mtu, bwana, ni kosa la mkono. Maneno machache, halafu kofia, halafu mlango. Nilifungua mdomo nikiwa nayo ulimini. Naapa nilitaka kuyasema.

Lakini nilimtazama yule wa dhahabu pale mezani, amekaa, mikono magotini. Nikafikiri, nikisema si mtu, basi hata yule msichana aliyelia hakuwa mtu. Yule wa kusimama niliweza kumkana, hakuwapo. Huyu alikuwapo. Alikaa kweli, alilia kweli, alijikojolea kweli, na watu elfu wakamtazama na yeye hakupewa nafasi ya kumtazama hata mmoja. Hasira yangu kwa mama ikaisha palepale, ikaenda kwa mwenyewe anayestahili.

Nikasema, kwa sauti ambayo hata mchoma mkaa mlangoni aliisikia: "Ni mama yangu. Anaitwa Aplo, binti wa Pinsus, wa milima ya juu ya Salona. Kumkalisha mlimkalisha ninyi. Macho nimempa mimi."

Nyundo moja ilianguka huko nyuma. Ofilius akafumba macho. Mkaguzi akasema, "Sema tena." Alidhani nitaogopa nibadilishe. Nikasema tena, na safari ya pili nikasema polepole, ili mwandishi wake aliandike jina sawasawa. Ameliandika. Nililiona likikauka: Aplo. Kaisari ana jina lake kwenye sarafu, miungu wana yao, na hata gogo lina jina la nchi. Mama sasa ana lake kwenye karatasi ya serikali.

Viboko sitawahesabia. Vidole viwili vya kulia wamevivunja kwa nyundo ya Kaisari mwenyewe, kwa hiyo kuchonga basi. Msalaba waliujadili, Ofilius ndiye aliyenitetea, na sikumtarajia. Alisema mchongaji aliyekuwa hapa miaka kumi na minane anajua moto kuliko mtu yeyote, kumuua ni hasara. Kofia ameirudisha sandukuni. Mkaguzi amesema nife mtumwa, na imeandikwa chini ya jina la mama, wino uleule.

Sikulia wakati huo. Nimelia baadaye, nisikudanganye, kwa ajili ya mlango. Hilara, usijilaumu, nakukataza. Kaisari ndani, mwanamke nje! Nimewasimulia wagonga nyundo na wamecheka siku nzima. Wananiwekea chakula bila kuombwa.

Sasa niko tanurini. Imetoka amri sarafu zote za mwanamke yule zikusanywe popote zilipo, zirudishwe hapa ziyeyushwe, na atakayeziyeyusha awe mimi. Wamedhani ndiyo adhabu kubwa kuliko zote. Kila baada ya siku kadhaa mfuko unafika, askari anaukata, anamwaga, na mimi nachambua kabla sijatia motoni, kwa hiyo najua ni wangapi wamerudi.

Mwambie mama wamerudi wachache sana. Mifuko inazidi kuwa myepesi, na ya mwisho ilikuja mitupu, askari akaapa kwamba wameuliza kila mji njia nzima. Watu wanasema hawajaiona, hawaijui, hawajawahi kuwa nayo. Wameificha, mama. Wengi wako nje, wanatazama watu usoni.

Threptus, mwana wa Aplo